Rafu ya Rangi Yenye Matundu ya Milimita 26: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja wa Matumizi

Rangi ya akriliki ikishatoka chupani haimsubiri mtu. Tone lililowekwa juu ya kigae kikavu huanza kushika utando ndani ya dakika chache, na mpakaji aliyeinuka kutafuta chupa ya rangi nyeupe chini ya lundo la vifaa hurudi akakuta mchanganyiko alioupata kwa taabu umekwisha kuwa ngozi. Kwa sababu hiyo, ninapoipima rafu ya kuhifadhia rangi za vijisanamu vya michezo ya mezani, sianzi kwa kuhesabu chupa. Naanza na ule muda mfupi ambapo mkono mmoja umeshika kijisanamu, mwingine umeshika brashi iliyolowa rangi, na jicho linaitafuta chupa ya tatu. Rafu ninayoieleza hapa nimeitumia mwaka mzima. Nimeipakia, nimeipakua na kuipanga upya mara nne, na kwa kipimo hicho imenifaa kuliko vyote nilivyowahi kuvitumia, ingawa katika mambo mengine kadhaa imenitia hasira. Jina la mtengenezaji sitalitaja, maana muundo huu huuzwa na watengenezaji wengi kwa tofauti ndogo, na mengi nitakayoyasema yanawagusa wote.

Bidhaa yenyewe ni seti ya vikasha saba vya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) yenye unene wa milimita 3, vilivyokatwa kwa leza na kufika vikiwa bapa, kuta na sakafu zikiwa bado zimeshikamana na bamba lake. Vikasha vinne ni vya chupa, kimoja ni cha kona, kimoja ni cha brashi, na kimoja kina droo tatu. Kila kimoja huunganishwa kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha vyote husimama bega kwa bega na kushikana kwa sumaku ndogo za duara zinazopachikwa kwenye kuta za pembeni. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mtu hafungwi na umbo moja: safu yaweza kunyooka ukutani, kuzunguka meza kama nusu duara, au kupandiana ghorofa mbili pale ambapo meza ni nyembamba.

Kazi ya kuunganisha ilinichukua jioni mbili, na ningeshauri mnunuzi asiifanye kwa haraka. Sumaku ina nyuso mbili, na ukishaigandisha upande usiofaa hakuna kurudi nyuma isipokuwa kwa kuing'oa pamoja na kipande cha ubao. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na michoro mizuri ya kuta na droo, lakini juu ya suala hili la pande za sumaku haikusema neno, na matokeo yake kikasha changu cha tatu kilimkataa jirani yake wa kulia kama watu waliogombana. Njia salama ni kuzipanga sumaku zote katika mnara mmoja, kutia nukta ya kalamu ya wino usiofutika kwenye uso wa juu wa kila moja kadiri unavyozichomoa, na kuhakikisha kwamba nukta zote zinatazama ndani upande wa kulia wa vikasha na zinatazama nje upande wa kushoto. Ni dakika tano za uangalifu ambazo mtengenezaji angeweza kuziombea kwa sentensi moja.

Kingo zilizokatwa kwa leza huwa na masizi, na masizi hayo huhamia kwenye vidole, kutoka vidoleni yakahamia kwenye kijisanamu kilichopakwa undakoti nyeupe, yaani rangi ya kwanza inayotangulia nyingine, jambo ambalo halipendezi. Nilizifuta kingo zote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha nikazipitishia msasa laini. Hapa tahadhari inahitajika: MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi ambayo mara nyingi ina formaldehaidi, na vumbi lake ni jembamba mno, kwa hiyo kazi ya msasa hufanywa penye hewa ya kutosha na barakoa ikiwa usoni. Jambo la pili ni kwamba ubao huu ukinywa maji huvimba na haurudi tena katika unene wake, na wapakaji wa vijisanamu hukaa na vikombe vya maji mchana kutwa. Tabaka mbili za vanishi, zikitiliwa mkazo kwenye kingo, ndizo zilizookoa rafu yangu siku kikombe kilipopinduka. Ule ukuta mmoja niliousahau umetuna chini hadi leo.

Sasa niingie katika matundu, ambayo ndiyo moyo wa bidhaa ya aina hii na ndiyo mahali ambapo wanunuzi wengi hukosea. Chupa za kudondoshea ambazo kampuni ya rangi ya Vallejo imezifanya zizoeleke, zile nyembamba zenye ncha ya plastiki na ujazo wa mililita 17 au 18, zina kipenyo cha takriban milimita 25, na chupa za mililita 18 za The Army Painter zinakaribiana nazo kiasi cha kukaa katika tundu lile lile. Tundu la milimita 26 limekusudiwa chupa hizi. Vikopo vya rangi za chapa ya Citadel ni jamaa wengine kabisa: vina kifuniko cha kufunua kwa kidole gumba, ni vipana zaidi, na rangi zao nyingi hujazwa mililita 12 huku rangi za vivuli na zile za Contrast zikijazwa mililita 18. Vikopo hivyo havizami katika tundu la milimita 26 hata ukivibembeleza. Tamiya nao huuza vijichupa vifupi vya kioo vya mililita 10 vyenye kifuniko cha kusokota, ambavyo navyo havifuati vipimo vya chupa za kudondoshea.

Zamani mtu aliweza kuchagua kambi moja akatulia humo. Tangu rangi za Contrast zilipotoka mwaka 2019, na watengenezaji wengine wakaleta zao zinazofanya kazi kwa namna hiyo hiyo, yaani rangi nyepesi inayojikusanya mabondeni na kuachia miinuko ing'ae kwa mpako mmoja tu, meza nyingi zimekuwa na mchanganyiko wa chupa nyembamba na vikopo vipana. Mwenye kuuza seti ya matundu ya ukubwa mmoja bila kuandika kipimo hicho kwa herufi kubwa juu ya boksi anajua, au alipaswa kujua, kwamba sehemu ya wateja wake watakwama. Mimi nilikuwa na chupa 83 na vikopo 20. Chupa zote ziliingia bila shida. Vikopo havikupata pa kukaa.

Wapo wanaotatua hili kwa kuhamishia rangi za vikopo katika chupa tupu za kudondoshea, na nilijaribu kwa vikopo sita. Faida ipo, kwa kuwa chupa ya kudondoshea hutoa matone yanayohesabika na haina ukingo wa kifuniko unaoganda rangi hadi kushindwa kufunga sawasawa. Hasara nazo zipo: sehemu ya rangi hubaki imeng'ang'ania kuta za kikopo, rangi nzito hugoma kupita kwenye faneli bila kuongezwa maji, na jina la rangi hupotea usipoliandika upya siku ile ile. Chupa mbili kati ya sita zangu zina rangi mbili za udongo zinazofanana kiasi kwamba sijui tena ipi ni ipi. Sikuendelea na vile kumi na vinne vilivyobaki.

Chupa husimama wima katika ngazi tatu zinazopanda kuelekea nyuma, nane kwa kila ngazi, jumla 24 kwa kikasha na 96 kwa vikasha vyote vinne. Mpangilio huu wa kusimamisha umekuwa na wapinzani wake, wanaopendelea rafu ambamo chupa hulala ubavu na kitako chake kumtazama mpakaji. Hoja yao ni kwamba kitako cha chupa huonyesha rangi yenyewe ilivyo. Naikubali, lakini chupa iliyolala lazima ichomolewe kwa kuvutwa, na kuvuta kwa mkono wa kushoto uliokwisha kushika kijisanamu ni shida. Ile iliyosimama huinuliwa kwa vidole viwili na kurudishwa bila kutazama. Kuhusu rangi kuonekana, mtu aliyekaa kitini huzitazama chupa kwa juu, kwa hiyo kinachoonekana kwanza ni vizibo, ambavyo kwa kawaida vyote ni vyeusi au vyote ni vyeupe. Nilitia tone la rangi husika juu ya kila kizibo, nikaliacha likauke, na kufunika kwa vanishi isiyong'aa. Tone hilo ni kweli zaidi kuliko kitako cha chupa, maana rangi za akriliki zikikauka huwa zinakolea kidogo, na kizibo kinaonyesha rangi iliyokauka kama itakavyokuwa juu ya joho la mchawi au ngao ya askari.

Kusimama wima kunaleta tatizo moja ambalo si kosa la rafu, ila rafu hii hulizidisha kwa kukushawishi uache chupa mahali pake kwa miezi. Chembe za rangi ni nzito kuliko kiowevu kinachozibeba, kwa hiyo huzama polepole na kujishindilia chini, na chupa ya kudondoshea isipotikiswa vya kutosha hutoa kwanza majimaji yasiyo na rangi yoyote. Gololi mbili ndogo za milimita 5 au 6 ndani ya kila chupa humaliza tatizo hili kwa nusu dakika ya kutikisa. Ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani gololi za chuma cha kawaida zitaota kutu ndani ya rangi, na rangi nyeupe yenye kutu haina dawa. Ncha ya chupa ikichomolewa kwa kibano, gololi huingia. Ukiwa na chupa 83, ni kazi ya alasiri moja ya mvua.

Sehemu ambayo nimejifunza zaidi ni namna ya kuzipanga rangi zenyewe, na hapa rafu ya vikasha vinavyohamishika imejilipia. Mara ya kwanza nilizipanga kwa mfuatano wa upinde wa mvua, nyekundu hadi zambarau, na meza ikapendeza sana kupigwa picha. Haikupendeza kufanyia kazi. Mtu anayepaka joho jekundu hahitaji nyekundu kumi zilizo jirani. Anahitaji nyekundu moja ya msingi, kahawia au zambarau ya kivuli chake, na chungwa au waridi la kuinulia miinuko, yaani kuing'arisha, na hizo zilikuwa zimetawanyika katika pembe tatu za meza. Mara ya pili nilizipanga kwa watengenezaji, mpango unaomfaa zaidi mwenye duka kuliko mpakaji. Mara ya tatu nilifuata hatua za kazi: rangi za msingi upande mmoja, vivuli upande wa pili, za kuinulia upande wa tatu. Hilo lilikuwa afadhali, lakini bado mkono ulisafiri meza nzima kwa kila joho.

Mpango wa nne ndio uliobaki. Kila familia inasimama kama safu ya kwenda nyuma: ya kivuli ngazi ya mbele, ya msingi ngazi ya kati, ya kuinulia ngazi ya juu. Jicho likishaipata familia, mkono unapanda na kushuka mahali pale pale. Jambo la pili, ambalo sikulisoma popote na nililigundua kwa kuchoka tu, ni kuacha ngazi nzima ya mbele ya kikasha kimoja ikiwa tupu. Ngazi hiyo ni ya kazi iliyopo. Ninapoanza kikosi kipya, chupa sita au saba zitakazotumika huhamia hapo na kukaa hadi kijisanamu cha mwisho kimalizike, hata kama ni baada ya wiki tano, na ninaporudi mezani baada ya kukatizwa sihitaji kukumbuka ni kijani ipi niliyotumia kwenye viatu vya wale watano wa kwanza. Mtu mwenye chupa 96 kamili hataweza kufanya hivi, na ningemshauri anunue kikasha kimoja zaidi ya hesabu yake.

Rangi za metali nimezitenga peke yake, katika kikasha kilicho karibu zaidi na maji. Rangi hizi hung'aa kwa sababu ya vijipande bapa vya madini kama maika au vya aluminiamu vinavyoelea ndani yake, na vijipande hivyo vikiingia katika kikombe cha maji huhamia kwenye kila rangi itakayofuata, mpaka uso wa binadamu unang'aa kama sufuria mpya. Kikombe cha pili cha maji na brashi ya pili kwa ajili ya metali ni kanuni ya kale ya kazi hii; kikasha kinachohamishika kinairahisisha, kwa kuwa metali, kikombe chake na brashi yake hukaa pamoja kona moja kama kaya inayojitegemea.

Kikasha cha brashi, kwa upande wake, kimebuniwa na mtu asiyepaka. Kina matundu ishirini na manne yanayosimamisha brashi manyoya yakiwa juu, jambo linalofaa kwa brashi iliyokauka. Brashi iliyotoka kuoshwa ikisimamishwa hivyo, maji huteremka na kuingia ndani ya bomba la chuma linaloshika manyoya, na baada ya muda gundi hulegea, mti huvimba na rangi yake hubanduka. Brashi mbichi inapaswa kulazwa, au kuning'inizwa manyoya yakitazama chini bila kugusa kitu. Kibao chenye mifereji mitano ya kulazia brashi kingetosha kuondoa kasoro hii, na nafasi ya kukiweka ipo mbele ya kikasha hicho hicho. Kwa brashi za nailoni za kupakia undakoti au za kupaka kavukavu, yaani kwa rangi kidogo mno, hasara si kubwa. Kwa brashi za manyoya ya kolinsky, mnyama wa jamii ya vicheche wa Siberia, hasara inauma. Brashi za Series 7 za Winsor & Newton, ambazo kihistoria zilianza mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria wa Uingereza na ambazo wapakaji wengi wa vijisanamu huziapia, hazikutengenezwa ili zioze shingoni kwa sababu ya tundu lililokaa vibaya. Mimi nimekata kipande cha sponji nikakiweka juu ya droo, na brashi zangu hulala hapo usiku kucha kabla ya kurudishwa matunduni asubuhi.

Droo tatu, au watoto wa meza kama wazee wa useremala wanavyowaita, zimenipa furaha na hofu kwa pamoja. Zina vigawio vinavyochomoka, kwa hiyo droo ya juu nimeigawa kwa ajili ya vitako vya duara vya kusimamishia vijisanamu, vya milimita 25 na 32, sumaku za kubadilishia silaha, na mikono na vichwa vilivyobaki baada ya kuunganisha vikosi. Ya pili ina koleo la kukatia, tupa, keekee ndogo ya mkono na kisu. Ya tatu ina gundi na puti. Ila hakuna kizuizi kinachoizuia droo kutoka yote, na mara ya kwanza nilipoivuta ya pili kwa pupa, visu na tupa vilimwagika mapajani. Sikuumia, lakini sasa kila droo ina kipande kidogo cha MDF nilichokigandisha nyuma kama kizuizi, kazi ya dakika kumi ambayo ilipaswa kufanywa kiwandani. Droo pia hukwaruza ubao kwa ubao; kusugua mshumaa kwenye kingo za chini kumezifanya ziteleze bila kelele.

Kuhusu gundi, neno moja. Droo hizi ni fupi kuliko chupa nyingi za supaglu, kwa hiyo chupa hulazimika kulala, na supaglu iliyolala hupenya kwenye uzi wa kifuniko ikakigandisha milele. Zaidi ya hayo, unyevu wa hewa ndio unaoigandisha gundi hii, na droo ya MDF haizuii unyevu. Nimeiondoa kabisa kwenye rafu na kuisimamisha ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika. Puti ya mikanda miwili, ile ya buluu na njano inayochanganywa ikawa kijani, inakaa droo vizuri, mradi mkanda mwembamba wa katikati ambapo rangi mbili zinagusana uondolewe kwanza, kwa kuwa hapo puti huanza kukauka ingali dukani na kuacha punje ngumu ndani ya kazi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni mwanga. Nilipoizungusha rafu kwa nusu duara, kuta zake zenye kimo cha karibu sentimita 30 zilimeza mwanga wa pembeni, na kwa kuwa nilikuwa nimeipaka kijivu kilichokolea kwa sababu za urembo, nilijikuta nikifanya kazi ndani ya pango. Vizibo vya ngazi za mbele havikuonekana vizuri, na rangi nilizozichanganya usiku zilinishangaza mchana. Nimeipaka upya nyeupe isiyong'aa, nikasogeza taa yenye nuru ya takriban Kelvini 5,000 na kiwango cha CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisi) kinachozidi 90 ikae juu ya kikasha cha kona, na tofauti ni kubwa. Mnunuzi aipake nyeupe tangu mwanzo.

Vitu viwili rafu hii haivihifadhi, na mtangazaji wake anavyoacha kusema hivyo ni kama kwamba havipo. Cha kwanza ni makopo ya kupulizia undakoti, ambayo hata hivyo hayastahili kukaa karibu na taa yenye joto wala mahali pa shughuli. Cha pili ni paleti ya maji, kile kisanduku bapa chenye sponji iliyolowa na karatasi ya kuokea juu yake, ambacho huiacha rangi ikiwa mbichi kwa saa nyingi na wakati mwingine kwa siku kadhaa. Paleti hii ikifungwa na kusahauliwa huota ukungu na kutoa harufu, kwa hiyo lazima ikae mahali inapoonekana. Mbele ya kikasha cha kona kuna pembetatu ya meza isiyo na kazi, na paleti yangu imeingia hapo kana kwamba ilipimwa, ila nimetandika kipande cha plastiki chini yake kwa ajili ya ule ubao usiopenda maji.

Wasomaji wengine watauliza kama haya yote hayafanywi na zile rafu za plastiki angavu zenye ngazi, zinazotengenezwa kwa ajili ya rangi za kucha. Kwa chupa chini ya arobaini, zinafanya, tena bila masizi, bila gundi na bila kuogopa maji. Udhaifu wake ni kwamba hazina matundu, kwa hiyo chupa ikiguswa kiwiko huwaangusha jirani zake. Kwa anayepaka kwenye meza ya kulia chakula na kulazimika kuondoa kila kitu jioni, hakuna rafu yoyote itakayomfaa kuliko sanduku la zana lenye trei za kufunuka, na vikasha vya sumaku nilivyovisifu hapa vitamtesa, kwa kuwa vikiinuliwa viwili kwa pamoja huachana katikati ya safari. Nimeliona hilo mara moja. Chupa ishirini na nne zilibingirika sakafuni, na moja ilipatikana baada ya mwezi.

Huduma baada ya mauzo ilikuwa ya kuridhisha nusu. Bamba moja lilikosa ukuta wa kushoto wa kikasha cha brashi. Nilituma picha, nikajibiwa kwa adabu siku iliyofuata, na ukuta ukafika baada ya majuma matatu, ukiwa wa upande wa kulia. Niliugeuza, nikatoboa upya mahali pa sumaku kwa keekee, nikaacha kulalamika.

Kwa mtu mwenye meza ya kudumu, chupa za kudondoshea kati ya hamsini na tisini, na subira ya jioni mbili za gundi, ningeipa rafu hii nne kwa tano: alama iliyopungua ni kwa ajili ya kikasha cha brashi na droo zisizo na kizuizi. Kwa mwenye vikopo vingi kuliko chupa, ningeipa mbili, isipokuwa kama muuzaji anatoa toleo lenye matundu ya milimita 36, ambalo baadhi yao wanalo. Vikopo vyangu kumi na vinne bado vimo katika boksi la viatu chini ya meza. Kikasha chao cha milimita 36 nilikiagiza wiki iliyopita, na safari hii, kabla ya kulipia, nilichukua rula nikapima kikopo kinene kuliko vyote.